Pistoni ya mjomba na Datsun ya Safari

Wiki mbili zimepita na bado niko na ile sauti kwa kichwa. Nilikuwa nimepeleka gari yangu kwa gereji moja upande wa Shabab hapa Nakuru, shida yenyewe ndogo tu, mpira unaoshika eksosti ulikuwa umekatika, kazi ya dakika ishirini, nikajipata nimekaa hapo mpaka saa kumi na moja jioni. Huko ndani kabisa, nyuma ya Probox mbili na pikapu haina milango, kulikuwa na Datsun 240Z. Nyekundu, boneti nyeusi, rangi imepauka upande ule unaopigwa na jua. Hii gari nimeiona kwa picha tangu nikiwa mtoto lakini kuisimamia hivi karibu, hata kunusa petroli yake, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Kifuniko cha valvu kilikuwa kimetolewa. Kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, imelala hapo juu wazi, inang'aa oili, na mzee mmoja wa ovaroli ya bluu ameinama nayo ameshika fila geji ya kupima nafasi ndogo, anaingiza kale kabamba kembamba kati ya kamu, ile nundu ya kamshafti, na roka, kale kamkono kanakosukuma valvu, anakavuta pole pole, anasikiliza kwa vidole. Nikamsalimia, shikamoo mzee, akaitikia bila kuinua kichwa. Injini ilikuwa moto bado juu hiyo kazi alikuwa anaifanya ikiwa moto, ikipoa vipimo vinabadilika. Valvu za kuingiza hewa milimita 0.25, za kutoa moshi 0.30. Nikamuuliza mbona za moshi ziachiwe nafasi kubwa zaidi. Ndio akainuka sasa, akapangusa mikono, akaniambia, "Kijana wangu, hii inapitisha moto siku nzima. Chuma ikipata moto inarefuka. Ukiibana, siku moja itarefuka ikose kufunga, na valvu isiyofunga inaungua."

Akarudi kuinama. Valvu kumi na mbili, moja moja.

Nilikuwa najua hiyo injini inaitwa L24, na nilikuwa najua gari kama hiyo ilishinda mbio za magari za Safari Rally mwaka wa 1971, Edgar Herrmann akiendesha na Hans Schüller akisoma njia, na 1973 tena, Shekhar Mehta na Lofty Drews. Hayo kila mtu anayependa gari Kenya anayajua. Kitu sikuwa nimewahi kuketi nikifikirie ni ilikotoka. Na hiyo ndio sababu naandika hii, juu mjomba wangu alikuwa na Datsun 1600 huko Kericho, sedani ya kawaida kabisa, ya kubeba watoto na magunia ya viazi, na injini ya ile gari ilikuwa inaitwa L16. Sasa sikiliza. L16 iko na silinda nne, kila silinda upana milimita 83, na pistoni inapanda na kushuka milimita 73.7. L24 iko na silinda sita, kila moja upana 83, mwendo 73.7. Ni kitu moja! Waliongeza silinda mbili. Piga hesabu mwenyewe, cc 1595 gawanya kwa nne, halafu cc 2393 gawanya kwa sita, utapata karibu 399 pande zote mbili.

Na hata huo mwaka kabla ya 240Z kushinda, yaani 1970, Herrmann huyo huyo na Schüller walishinda Safari na Datsun 1600 SSS. Silinda nne. Mwaka uliofuata wakarudi na sita za ukoo huo huo, wakashinda tena. Halafu 1973 ndio inanimaliza kabisa: Mehta ndani ya 240Z na Harry Källström ndani ya Datsun 1800 SSS walimaliza wakiwa na pointi sawa kabisa, maelfu ya kilomita za matope na vumbi halafu mnatoka sare, ikabidi waangalie ni nani alienda mbali zaidi bila kupata pointi za adhabu, Mehta akapewa. Na ile 1800 SSS nayo ni injini ya L, silinda nne. Ndugu wawili wa mama mmoja.

Watu wakiongea juu ya injini za gari za michezo utasikia nguvu za farasi tu, mia mbili, mia tatu, nani anamshinda nani. Mimi sikatai hiyo, lakini kinachonivuta mimi ni kwamba nyingi ya zile injini watu wanaziabudu zilianza kama injini za mtu wa kawaida, za kwenda kazini na kanisani, halafu mtu fulani akaziangalia akaona ziko na deni halijalipwa.

Chukua Jaguar. Wakati wa Vita vya Pili, Coventry ilikuwa inapigwa mabomu, kwa hivyo watu wa viwandani walikuwa wanashika zamu za usiku kuangalia moto usishike paa. William Lyons, mwenye kampuni, akapanga mainjinia wake zamu moja, William Heynes, Walter Hassan na Claude Baily, na hizo saa za kungojea moto wakawa wanajadili injini watakayotengeneza vita vikiisha. Na lengo lilikuwa sedani! Sedani kubwa ya kifahari. Ile gari ya michezo, XK120, walifanya kuionyesha injini tu, London mwaka wa 1948, silinda sita mstari mmoja, lita 3.4, kamshafti mbili juu, nguvu za farasi 160, na hiyo 120 ya jina ni maili kwa saa, kama kilomita 193. Watu wakaitaka ile gari kuliko walivyotarajia. Injini ya ukoo huo ikashinda mbio za saa 24 za Le Mans huko Ufaransa mara tano, 1951, 1953, 1955, 1956 na 1957, na uzao wake uliendelea kutengenezwa mpaka 1992. Miaka zaidi ya arobaini, kutoka kwa mazungumzo ya watu watatu juu ya paa usiku.

Mercedes 300 SL ya 1954, ile ya milango inafunguka kama mabawa, pia hivyo hivyo. Injini ilitoka kwa sedani yao ya 300, wakailaza upande ndio boneti iwe chini, halafu wakaacha kabureta kabisa wakaweka pampu inayopiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda. 1954! Na Ford Escort RS1600, ile Hannu Mikkola alishinda nayo Safari ya 1972 akawa wa kwanza kutoka ng'ambo kuibeba, injini yake ni ya kampuni ya Cosworth, valvu kumi na sita, lakini bloko ya chini ni ya ukoo wa zile injini za Ford za kila siku.

Ferrari ndio imekataa kuingia kwa hii hesabu yangu na lazima niseme ukweli. Ile V12 ya Gioacchino Colombo ilizaliwa kwa mbio tangu siku ya kwanza. Lakini hata hapo kuna kitu nataka uone. Gari ya kwanza kubeba jina Ferrari, 1947, inaitwa 125 S, na hiyo 125 ni ukubwa wa silinda moja, karibu cc 125, mara kumi na mbili unapata lita moja na nusu. Sasa simama pale steji ya Kenyatta Avenue uangalie bodaboda zikipita. Kila boda ya 125 unayoona, chukua kumi na mbili, zipange sita huku sita kule, zote zisukume krenki moja, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Hiyo ndio 125 S. Na sababu ya kukatakata lita moja na nusu vipande vidogo hivyo ni kwamba pistoni ndogo ni nyepesi, na mwendo wake wa kupanda na kushuka ni mfupi, milimita 52.5 tu, kwa hivyo inaweza kuzunguka haraka bila kujiua.

Turudi Shabab. Mzee alimaliza valvu, akafunga kifuniko, akaangalia waya za plagi akihesabu kwa mdomo, moja, tano, tatu, sita, mbili, nne. Alikuwa anaitaja kama mtu anataja namba ya simu ya nyumbani. Halafu akaingia ndani, akawasha.

Sijui nitaiandika aje. Kwanza ilikohoa, kabureta mbili zikavuta hewa kwa sauti ya mtu anakunywa chai moto, halafu ikatulia, na hapo ndio nikaweka mkono juu ya bawa la mbele. Hakuna kutetemeka. Yaani kidogo sana. Mimi nimezoea silinda nne, ukiweka mkono hivyo unahisi ile kitu inapiga piga. Nikamuuliza mzee akanionyesha kwa ngumi zake mbili: kwa silinda nne, mbili zikiwa juu mbili ziko chini, unafikiria zimesawazishana, lakini pistoni ikiwa nusu ya juu inakimbia haraka kuliko ikiwa nusu ya chini, kwa hivyo kila mzunguko kuna mshtuko mdogo haujapata wa kuufuta, na unakuja mara mbili kila mzunguko. Kwa sita za mstari mmoja, pistoni zinaenda mbili mbili, ya kwanza na ya sita, ya pili na ya tano, ya tatu na ya nne, na hizo jozi tatu zinafutana mshtuko wote. Ukishaona mtumbwi wa Dunga huko Kisumu wenye wapiga kasia wanaojuana, venye unateleza bila kuyumba, ni hivyo.

Na sauti pia iko na hesabu yake. Silinda sita zinawaka mara tatu kila mzunguko wa krenki. Ukikanyaga mpaka mizunguko 6,000 kwa dakika, hiyo ni mara 300 kwa sekunde, mpaka masikio yanashindwa kutenganisha na inakuwa noti moja ndefu, ile mzee aliipandisha mara moja tu, sekunde tatu hivi, na vijana wote wa gereji wakaacha spana. Hakuna aliyesema kitu. Hata yule wa kuchomelea alifunga gesi.

Sasa linganisha na Subaru, na hapa Nakuru huwezi kukosa kusikia Subaru, usiku wa Jumamosi hasa ukikaa karibu na barabara kuu. Ile injini yao ya EJ20 ilianza 1989 na Legacy, gari ya familia tena, unaona? Silinda nne zimelala, mbili kulia mbili kushoto, upana 92, mwendo 75. Watu husema ile ngurumo ya budu-budu-budu ni juu ya injini kulala. Hapana. Moto wake unawaka kwa zamu sawa kabisa kama silinda nne zingine. Shida, ama niseme baraka, ni mabomba: moshi wa upande mmoja unasafiri mbali kuliko wa upande mwingine ndio ufike kwa tabo, ile feni inayozungushwa na moshi ili ibane hewa ya injini, kwa hivyo unafika kwa vipindi visivyolingana, mipigo miwili inakaribiana, halafu kunakuwa na pengo. Baadaye walipotengeneza mabomba yenye urefu sawa, ile ngurumo ikapotea, na kuna watu waliolia. Mimi nawaelewa.

Na Subaru hawakupendwa hapa kwa sauti peke yake. 1993 Patrick Njiru aliingia Safari na Subaru Vivio, kigari cha injini ya cc 660 hivi, akashinda daraja lake na kumaliza nambari kumi na mbili kati ya magari yote. Mwaka uliofuata akiwa na Impreza akamaliza wa nne. Halafu Impreza zikashinda 1997 na Colin McRae, 2000 na Richard Burns. Mtoto wa Kenya aliyekua miaka hiyo akiona bluu na nyota za njano anasimama hata akiwa amebeba maji.

Kuna sababu nyingine tabo zimependwa huku kwetu na haiongelewi vya kutosha, nayo ni hewa. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari. Hapa mgandamizo wa hewa umepungua karibu asilimia 20 ukilinganisha na Mombasa, kwa hivyo injini isiyo na tabo inavuta hewa pungufu kila pumzi na nguvu zinashuka karibu kiasi hicho hicho, hakuna uchawi wa kuzuia. Tabo inaweza kubana zaidi ikafidia sehemu kubwa. Kabureta nayo ndio inateseka zaidi, juu ile inamwaga petroli kama bado iko chini wakati hewa imepungua, na hapo moshi unakuwa mweusi na plagi zinashika masizi.

Hii niliijua kabla ya kujua sababu yake. Mjomba alikuwa anatuchukua Kisumu likizo, na Kisumu iko kama mita 1,130 tu, tunapanda Ahero, Kericho, mpaka Mau Summit huko baridi, zaidi ya mita 2,400, ndio tushuke Nakuru kwa shangazi. Datsun inaondoka Kisumu ikiwa na furaha. Ikipita Londiani inaanza kuchoka, na siku moja mjomba akasimama kando ya barabara, akafungua boneti, akatoa bisibisi ndogo kwa mfuko wa shati, akageuza skrubu moja ya kabureta kidogo tu akiwa ameweka sikio karibu na injini kama daktari. Ikabadilisha sauti. Akafunga boneti akasema, "Ilikuwa inakula bila kupumua." Nilikuwa na miaka tisa hivi. Madereva wa Safari walikuwa wanapitia hiyo hiyo, kutoka pwani mpaka nyanda za juu, siku moja, na saa inahesabu.

Joginder Singh mwenyewe, yule dereva wa Safari aliyeitwa Simba, alizaliwa Kericho. Mjomba alikuwa anataja hilo kila tukipita hapo, kila mara, kana kwamba tumesahau. Alishinda 1965 na Volvo PV544, halafu 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer 1600 GSR. Silinda nne zote. Sedani zote.

Nilimwambia mzee wa gereji hayo yote injini ikiwa inapoa, na nikamwambia pia kwamba Datsun ya mjomba iliuzwa chuma chakavu baada ya yeye kufariki, hakuna aliyetuuliza, na kitu pekee kilichobaki ni pistoni moja ya zamani ambayo mjomba alikuwa anazuia nayo mlango wa stoo, sasa iko kwangu inazuia mlango wangu. Mzee akaniangalia. Akasema, "Ilete."

Nikaipeleka Jumamosi. Alikuwa ametoa boksi la vitu vilivyotolewa kwa ile 240Z wakati wa ovaholi, akachagua pistoni moja, akaiweka juu ya meza ya kazi kando ya yangu. Yangu imechakaa, imeshika kutu ya mafuta, upande mmoja iko na alama za kukwaruzwa. Ukiziangalia hivi ni mapacha. Akachukua vanea akapima ile ya 240Z, karibu 83. Akapima yangu, ikatoka kubwa kwa nusu milimita. Nikahisi vibaya kidogo, nikadhani basi hesabu yangu yote ilikuwa ya uongo. Akaigeuza kwa mwanga wa mlango, akapangusa kichwa chake na kitambaa chenye petroli, na pale chini ya masizi pakatokea namba imegongwa kwa chuma: 50.

"Hii ni ovasaizi," akasema. "Silinda zililika zikatobolewa upya, nusu milimita. Mjomba wako alitembeza hii injini ikaisha, akaifufua, akaitembeza tena."

Akaziacha hapo mezani zote mbili, akaenda kunawa mikono ndio tunywe chai.